Siku Tulipomposa Mshambuliaji Mkongwe

Picha ilinifikia kwenye simu nikiwa dukani, mkono mmoja umeshika cheni ya pikipiki, na mteja kutoka Bweyeye amenisimamia kichwani akitaka kujua kama cheni ni ya kweli au ya bandia. Niliitazama picha. Nikaitazama tena. Alikuwa yeye mwenyewe, yule mshambuliaji mkongwe, na upara wake, na lile pengo la jino linaloonekana akicheka, na shingoni amevishwa skafu ya timu yetu. Timu yetu sisi, ya hapa Kamembe, ambayo msimu uliopita iliwahi kwenda kucheza ugenini juu ya lori lililotoka kushusha saruji, wachezaji wakafika weupe kama wachawi.

Niliangusha cheni.

“Mzee, uko mugonjwa?” mteja akauliza.

Nilimgeuzia simu aone mwenyewe. Akaishika kwa mikono miwili, akasoma maandishi ya chini polepole, halafu akakaa juu ya mzigo wangu wa matairi bila kuombwa kukaa. Cheni hakuiuliza tena.

Mtu huyo alizaliwa Bukavu, ng’ambo ya mto, mji ambako na mimi nililelewa. Nilipokuja kuishi Kamembe nilikuwa tayari na ndevu, lakini kwa miaka mingi Jumapili, misa ikiisha, nilivuka daraja kurudi kumtazama. Alikuwa kijana mwembamba asiyekimbia sana. Mpira ndio uliomfuata. Baadaye akachukuliwa Kinshasa, kisha Ulaya, nasi tukabaki kumwona kwenye televisheni. Mabao yake bado yanasimuliwa kwa kinyozi, mteja akipanga chupa za Fanta kuonyesha mabeki walivyosimama na alivyowapita. Na sasa, katika umri ambao wenzake wanafundisha au wananenepa, ati anakuja kucheza kwetu!

Nilifunga duka saa ya wateja. Mjini madereva wa moto, pikipiki za abiria, walikuwa wanapiga honi kama Krismasi, na mbele ya kituo cha mabasi wanawake wanaouza dagaa wa sambaza walinishika mikono tukacheza. Wananijua. Mimi ndiye ninayeongoza mashabiki jukwaani. Sauti yangu, wanasema, inasikika hadi forodhani. Siku hiyo niliitumia yote. Nilifika nyumbani sina hata ya kupigia hodi.

Mwanangu alikuwa ameketi kizingitini anasugua viatu vyake vya mpira kwa mswaki wa zamani. Nikamwonyesha picha, huku nikiruka. Akaitazama, akasema, “Niliiona, Papa. Ni vizuri,” akaendelea kusugua.

Hapo ndipo nilipoacha kuruka. Mshambuliaji wa timu yetu, namba tisa, alikuwa mwanangu huyu. Nilikuwa nimecheza mtaa mzima kwa furaha ya kuletewa mtu atakayemkalisha mtoto wangu benchi, na wazo hilo halikuwa limenipitia kichwani hata mara moja, tangu dukani hadi kizingitini.

Kesho yake nilimwendea kocha. Sikwenda kwa upole.

“Mzee,” akaniambia, “sasa unataka nimuweke ule muntu kwenye benchi? Batu si batanichoma?”

“Na mutoto wangu?”

“Mutoto wako iko kijana. Tutaona.”

Tutaona! Neno hilo nalijua. Kwetu mtu akikuambia tutaona, yeye ameshaona. Nikaondoka nikiwa na hasira hata moto niliyoipanda nilisahau kuiambia iende wapi.

Wakati huohuo kelele zikaanza Bukavu. Mashabiki wa kule walisema tumewaibia mtu wao. Alikuwa mtoto wao, walimtazamia arudi kuzeekea katika timu yao, na sisi tumemchukua kama binti anayetoroshwa gizani. Huku na kule ni watu wamoja: tunaoana, tunazikana, tunauziana nyanya kila asubuhi. Ugomvi wa namna hiyo hauachwi ukae. Basi wazee wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba kama ni binti, aposwe kama binti. Ifanyike gusaba.

Hapa kwetu mtu hachukui binti wa watu kama anayeokota embe. Siku ya gusaba wazee wa mvulana wanaketi upande huu, wazee wa msichana upande ule, na kila upande una msemaji. Ndoa imeshakubaliwa zamani, vyakula viko jikoni, lakini msemaji wa msichana anakaza uso: binti yupi? Sisi hatuna binti. Tulikuwa naye, ameingia utawa. Msemaji wa mvulana kazi yake ni moja, kuwa mpole. Hakasiriki, hakatai. Akiambiwa aimbe, anaimba. Akitakiwa kitu, anasema ndiyo, tunacho, mchukue. Na neno likishatoka mbele ya watu halirudi. Mimi, pamoja na hasira zangu zote, ndiye msemaji wa harusi za nusu ya Kamembe. Mke wangu anasema upole wangu wote naumalizia huko, nyumbani narudi mtupu.

Walinichagua mimi, bila shaka. Nilitaka kukataa. Nikalala na wazo hilo, nikaamka na jingine: ikiwa neno la gusaba halirudi, basi huko ndiko nitakakomlindia mwanangu nafasi yake, mbele ya mashahidi, na kocha akiwa ameketi pale na tai yake. Nikajiona mjanja kuliko sungura.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Wa Bukavu walivuka daraja na vitenge vya sare, wanawake wao wamepiga vilemba virefu, na msemaji wao alikuwa mzee mmoja mnene mwenye fimbo na macho ya kucheka. Bibi harusi wetu, mkongwe mwenyewe, alifichwa nyuma ya pazia, anakula mishikaki ya brosheti; harufu ilitufikia.

Tulianza vizuri. Nilisema tumeona ua ng’ambo ya mto. Mzee akasema kwao hakuna maua, wana mihogo tu. Nikasema hata mihogo tunakula. Akasema binti ameenda Ulaya hajarudi. Nikasema tutamngoja hapahapa, tumebeba blanketi. Ukumbi ulikuwa unaanguka kwa kicheko. Alinitaka niimbe, nikaimba. Alinitaka nipige magoti, nikapiga, na magoti yangu yana historia yake. Alipolainika, nikaona saa yangu imefika.

“Mzee wangu,” nikasema, “binti yenu tutamupenda. Lakini ajue, kwetu atakuta mutoto ndani ya nyumba. Mutoto ule iko na kitanda yake. Bibi harusi asimufukuze kwa kitanda.”

Watu wakaelewa papo hapo. Macho yote yalimgeukia kocha, na kocha akainamia Fanta yake. Nikavuta pumzi ya ushindi.

Yule mzee wa Bukavu alizungusha fimbo yake. Halafu akasema, polepole, “Umesema vizuri, Papa. Binti yetu amechoka, hawezi kulala na mutoto wa kurukaruka. Basi tufanye hivi: siye tunawapatia binti, na nyinyi mutupatie ule mutoto. Namba tisa. Tumulee kwetu. Unakubali ao unakatala?”

Ulimi hauna mfupa. Umezoea njia zake, na wangu, kwa miaka yote ya harusi za watu, njia yake ni moja.

“Ndiyo,” nikasema. “Tunaye. Mumuchukue.”

Vigelegele! Nilicheka pamoja nao, nikidhani ni mzaha ndani ya mzaha. Nilicheka hadi nilipomwona rais wa timu yetu anasimama kumpa mkono rais wa timu yao. Hakuna aliyekuwa anafanya mzaha. Kisha katikati ya viti vya nyuma mwanangu akainuka, amevaa shati lake la kanisani lililopigwa pasi vizuri, akaja hadi mbele, akainama mbele ya yule mzee, na yule mzee akamwekea mkono kichwani.

Nilibaki nimesimama na maikrofoni mkononi. Nilimtafuta mke wangu kwa macho nikamwona anafuta machozi kwa pembe ya kitenge, lakini hakuonekana kushangaa hata kidogo. Lile shati nani alilipiga pasi? Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikuwa nimekula mboga yake ya sombe mchana uleule.

Pazia likafunguliwa, mkongwe akatoka, na watu wakanisahau. Walipanda hadi juu ya viti kumwona. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona mtu yule kwa karibu, na siku niliyomwona sikuona kitu. Nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta unaotazama ziwa. Baadaye kidogo akanifuata mwenyewe, akichechemea.

“Mzee, nimesikia njo weye papa ya mutoto,” akasema. “Usinikasirikie. Goti yangu imekwisha, kocha anajua. Nitacheza dakika za mwisho tu, batu bafurahi. Nafasi ya mutoto wako miye sikukuya kuichukua. Nilimwambia na yeye mwenyewe.”

“Ulimwambia lini?”

“Siku ya kwanza nilifika.”

Akanipa mkono, mkono ule ambao kila mtu ndani alikuwa anaupigania, nami nikaushika kama mtu anayeshika kitasa cha mlango. Yaani mtoto alijua. Alijua hakuna anayemfukuza, na bado anaondoka.

Nilimkuta nyuma ya jiko, anakula amesimama. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma yule mzee kutamka yale aliyotamka. Nilikuwa nimeshapanga nani wa kumvunjia pikipiki.

“Ni miye nilimutuma, Papa.”

“Weye?”

“Nilijua nikikuomba nyumbani utakatala. Kwa gusaba haukatalake.”

Nikamwambia Bukavu ni mji ulionilea na ukaniita mgeni, ananiachaje hapa akarudi kule? Nikamwambia mengine pia ambayo hayafai kuandikwa. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Halafu akaweka sahani chini.

“Papa, hapa nikifunga, banasema mutoto ya mzee amefunga. Nikikosa, bananyamaza. Unakumbuka ile penalti? Nilipiga nje kabisa. Uwanja muzima hakuna muntu alisema kitu, kwa sababu mumoja tu alianza kusema, na weye ulimukamata shati. Hata kocha anakuogopa. Miye sijui kama najua mupira, Papa. Hapa hakuna muntu atanielezaka.”

Mimi, msemaji wa harusi za nusu ya mji, nilikosa hata tusi. Nyuma yetu walikuwa wanaimba jina la mkongwe, wimbo niliowafundisha mimi mwenyewe wiki hiyo, na wameukosea mwishoni, na sikuwa na nguvu ya kwenda kuwasahihisha.

“Utakuja kuniangalia,” mwanangu akasema. “Mama atakuja pia. Lakini weye ukikuja, Papa, unyamaze. Nakuomba.”

Jumapili ya mechi yake ya kwanza nilivuka daraja peke yangu, bila skafu. Mke wangu alisema ataanza kwenda ya pili, ya kwanza moyo wake hauiwezi. Nilichagua mahali katikati ya watu nisiowajua, kando ya Papa mmoja mwenye shingo nene na koti la suti juu ya jezi. Tangu filimbi ya kwanza nilikuwa na mikono mapajani kama mtoto wa katekisimu. Nimeongoza majukwaa maisha yangu yote na sikujua kwamba mpira, ukiutazama ukiwa umenyamaza, unauma hivyo.

Kipindi cha pili mpira ulimfikia miguuni. Kipa alikuwa ameshaanguka, goli liko wazi kama mlango wa kanisa. Mwanangu akaupiga juu, mbali kabisa, hadi wanaouza karanga wakainama.

Sijawahi kusikia uwanja unamlipukia mtu wangu namna ile. Walimtukana kwa Kiswahili, wakaongeza Kimashi, na Kilingala kikaja kumalizia. Papa wa koti alisimama, akatupa mkono hewani.

“Njo huyu batu ba Kamembe balitupatia? Balitutupia takataka! Arudie kwa mama yake!”

Ngumi zilijikunja zenyewe. Nikazikalia, zote mbili, juu ya saruji ya moto. Papa wa koti alipoketi alinikuta nimekalia mikono yangu.

“Mzee, kuna nini? Ule mutoto unamujua?”

Kule chini mwanangu alikuwa anarudi katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anazomewa kutoka kila upande, na kichwa hakukiinamisha. Hakutazama jukwaani hata mara moja.

“Hapana,” nikasema. “Simujui.”