Moto wa Nyumba ya Pareto

Mjukuu wangu ana tabia ya kunifanyia mambo mazuri bila kuniuliza. Mwezi wa tatu alikuja nyumbani kwangu Ilomba na gari, akaniambia nifungashe nguo za baridi, tunakwenda kupumzika siku mbili milimani. Alikuwa ameona kwenye simu nyumba ya zamani ya mzungu mkulima, imekarabatiwa, inapangishwa kwa wageni, ina bustani na mahali pa kuota moto. "Bibi, umefundisha watoto wa watu miaka yote, na wewe ukalale pazuri," alisema. Nikaingia garini na shali langu. Tulipokata kona pale Nyololo nikaanza kukaa vibaya kitini, na tulipoipita Igowole nikajua tunakwenda wapi. Sikusema kitu. Utanishangaa, mimi mwalimu mstaafu ambaye wajukuu wanalalamika kwamba hafungi mdomo, lakini siku hiyo ulimi ulikuwa mzito.

Nyumba ilikuwa palepale, kuta za mawe, bati limepakwa rangi nyekundu upya, miti ya plamu imezeeka mbele ya veranda. Nilipanda ngazi za veranda ile kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na miaka inayokaribia themanini. Tukapokewa na binti wa mapokezi, mtoto wa vijiji vya hapohapo, amevaa sweta la kijani. "Kamwene, bibi! Karibuni jamani, poleni na mvua." Akatuongoza kwa njia ya mawe hadi kwenye kijumba kilichojitenga nyuma ya nyumba kubwa. Mlangoni pameandikwa Chumba cha Pareto. Ndani kuna vitanda viwili vya shuka nyeupe, na kuta zote zimepakwa chokaa isipokuwa mmoja, ambao wameuacha na weusi wake wa moshi kuanzia chini hadi kwenye boriti.

Binti akatupa glasi mbili ndogo za ulanzi, ile pombe ya mianzi, kisha akaanza maneno ambayo alionekana ameyasema mara nyingi. "Hii inaenda na stori ya chumba. Zamani hapa palikuwa pa kukaushia pareto. Sasa kulikuwa na mzee mmoja, mlinzi wa moto, akapiga ulanzi wake akalala fofofo. Moto ukapanda, pareto ya wiki nzima ikaungua, mzungu akamfukuza. Weusi wenyewe ndio ule pale. Wageni wanapenda sana kupiga nao picha." Mjukuu wangu akacheka, akapiga picha. Mimi nikaiweka glasi mezani. Mzee huyo wa stori hakuwa hata na mvi siku ya moto ule. Alikuwa baba yangu, na hakuonja ulanzi hata siku moja maishani mwake.

Basi keti nikueleze, maana nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Sisi tulikaa chini ya shamba, kwenye nyumba za udongo za wafanyakazi, kando ya miti ya miwati. Asubuhi ukungu uliingia hadi ndani, ukikohoa unauona unatikisika. Nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na kina mama wakapanda na vikapu kuchuma pareto, yale maua meupe yanayotengenezwa dawa ya wadudu. Mama alirudi jioni anapiga chafya mfululizo, vidole vimekuwa vya manjano, na alivipangusa kwa majivu kabla ya kukanda ugali. Tulikula ugali na likolo, mboga zetu za majani, au viazi vya kuchemsha, na masika tulichoma mahindi mabichi hadi meno yakawa meusi. Nasema kwa raha, na raha ilikuwepo. Ila ilikuwa raha ya watu wanaoweza kuondolewa siku yoyote, na hata sisi watoto tulilijua hilo.

Baba alikuwa mlinzi wa moto. Pareto mbichi ikipata joto la ghafla inageuka kahawia na dawa yake inapotea, kwa hiyo masika, jua lisipoonekana, maua yalitandazwa kwenye chanja za waya, na moto mdogo ukawaka chini yake mchana kutwa. Ni kazi ya mtu mpole. Baba alikuwa akigusa chanja kwa nyuma ya kiganja, anatulia kidogo, kisha anavuta gogo nje kwa kiasi cha vidole viwili. Hakuwa na kipimo kingine. Bwana mwenye shamba alileta wageni wake wamtazame akifanya hivyo, wakashangaa, na baba akaendelea na kazi yake. Watoto na watu wa nje hawakuruhusiwa kuingia mle, na nyapara alitukumbusha kila Jumatatu kwamba atakayeonekana ndani atapelekwa boma. Boma kwetu lilikuwa neno la kunyamazisha watoto wanaolia.

Siku yenyewe nilimpelekea baba chakula, viazi na maharage kwenye bakuli la bati. Nilikuwa na miaka minane. Mvua ilikuwa kubwa. Alikula amesimama, kisha akachukua shoka aende banda la kuni, upande wa pili wa uzio. Moto wake aliuacha umelala vizuri, kama alivyouacha kila siku wakati wa kupasua kuni. "Kaa hapo mlangoni usilowe," aliniambia. "Usiguse kitu." Nikakaa.

Ndipo akaja bibi, mama yake baba. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Igowole peke yake, mahindi mabichi yamefungwa mgongoni, kaniki imeshikana na mwili, na meno yanagongana. Hakukuta mtu nyumbani kwetu, akafuata moshi. Akaingia moja kwa moja na kukaa karibu na moto, maana nani angemwambia bibi asiingie mahali alipo mwanawe?

Sasa sikiliza. Bibi huyo ndiye aliyenifundisha jinsi ya kumpokea mgeni. Mgeni akiingia, kabla hujafungua mdomo unasukuma kuni ndani, moto uinuke, ndipo unasema kamwene. Kumsalimia mtu moto ukiwa umelala ni kumwambia arudi alikotoka. Nilishawahi kuchapwa kwa hilo, pale jirani yetu alipoingia na mimi nikamsalimia huku nachezea majivu. Kwa hiyo nilikumbuka. Nikasukuma magogo yote matatu hadi mwisho, nikaokota magome makavu ya miwati kwa kukumbatia, nikayajaza juu. Moto ukainuka kweli. "Kamwene, bibi," nikasema. "Kamwene, mama," akajibu, na akacheka kwa furaha kwamba mjukuu wake ana adabu. Akatanua kaniki yake mbele ya joto, akatia mahindi mawili kwenye makaa. Nilijiona mtu mzima.

Harufu ndiyo iliyobadilika kwanza. Pareto inayokauka vizuri ina harufu ya nyasi za juani. Hii ilikuwa chungu, ikatuingia puani, bibi akaanza kukohoa. Nilipotazama juu, waya za chanja ya chini zilikuwa nyekundu. Baba akatokea mlangoni na kuni mkononi, akaziachia zikaanguka. Hakupiga kelele. Alimshika bibi begani, jambo ambalo mwanamume hamfanyii mama yake, akatutoa sote wawili kwa mlango wa nyuma. "Mama, piteni miwatini mwende nyumbani. Nyie hamkuwa hapa." Kisha akarudi ndani.

Hatukwenda nyumbani. Tulisimama kwenye miti tukaona watu wanakimbia na magunia mabichi na ndoo za tope, na moshi unatoka chini ya bati. Walipouzima, bwana alikuja na mabuti yake. Maneno niliyasikia mwenyewe, maana bwana yule Kiswahili chake chote alikisema kwa sauti ya kumwita mbwa.

"Nani alikuwa kwenye moto?"

"Ni mimi, bwana."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nililala."

Bwana akamgeukia nyapara. Nyapara akasema, bila hata kuulizwa, "Ni ulanzi, bwana. Si ndio msimu wake?" Watu wote waliosimama pale walijua baba hanywi. Alikuwa mtu wa kanisa, kengele ya kwanza ikilia Jumapili yeye ameshafika. Wakamtazama aseme. Akasema, "Moto ulikuwa wangu."

Bibi alianza kutoka kwenye miti. "Niache nikaseme," aliniambia. "Mwanangu hanywi. Waseme ni mimi niliyeingia." Nikamshika kaniki kwa mikono miwili. Nililia kwa kuziba mdomo, nikamwambia watanipeleka boma, bibi, watanipeleka boma. Akanitazama. Kisha akakaa chini kwenye majani mabichi, akanivuta magotini pake. Jambo hili liliamuliwa hapo, na mwamuzi nilikuwa mimi.

Tulipewa siku mbili kuondoka. Wazee wa kanisa walikuja mama akifunga vyungu, wakamuuliza baba kama alikunywa. Aliwajibu vilevile, kwamba moto ulikuwa wake. Nao wakaandika barua. Barua hiyo ilitufuata hadi Rujewa, kule chini Usangu, ambako baba alipata kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Joto, mbu, tope hadi magotini, homa za kupokezana, na baba kule kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, amefungiwa Meza ya Bwana kwa ulevi.

Angeweza kufunguliwa. Ilikuwa ni kusimama mbele ya ushirika na kutubu tu, watu walifanya hivyo kila mwaka. Mama alimbembeleza. Siku moja nilimsikia akimjibu, mimi niko nje napeta mchele. "Bwana wa shamba nilimdanganya, sawa. Lakini siwezi kwenda kumtubia Mungu ulanzi ambao sikunywa. Na nikisema kweli, nitamtaja mtoto na mama yangu." Mimi nikaendelea kupeta hadi nikamwaga mchele wote.

Nilipopata kipaimara nilivaa gauni jeupe, nikapita katikati ya mabenchi kwenda mezani. Baba alikuwa mwisho palepale. Alinitazama akatabasamu, na alifurahi kweli, si kwa kujilazimisha. Nilipiga magoti nikapokea mkate na divai nikiwa najua kila kitu. Bibi naye, alipokuja kututembelea zile asubuhi za mwezi wa sita ambazo hata Rujewa zina ubaridi, kila tuliposukuma kuni kwa ajili yake alificha mikono kwapani na kusema, "Acheni, sina baridi." Alisema hivyo hadi alipofariki.

Baba alizikwa Rujewa kwa sala fupi. Kwaya haikuja. Wakati huo nilikuwa mwalimu tayari, nina watoto wangu, siogopi boma wala bwana, kwa sababu wote walishaondoka. Nilisimama kaburini na kitambaa kichwani, nikanyamaza. Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe na kila jibu nililolipata nimeliona la kitoto.

Sikulala vizuri kwenye zile shuka nyeupe. Asubuhi nilitembea kidogo kabla ya chai. Pareto haipo, ni misonobari mitupu hadi mlimani. Nyumba zetu za udongo hazijaacha hata tuta, na mti wa kile kipande cha reli umekatwa. Waliochuma na waliozima moto wamekwisha. Kilichobaki kwenye mlima wote ule ni ukuta mmoja mweusi na uongo juu ya baba yangu, na uongo wenyewe unatunzwa vizuri kuliko makaburi yetu.

Chai tulinywa kwenye nyumba kubwa. Moto wa pale ulikuwa umelala. Walikuwepo mume na mke kutoka Dar, wamejifunika mablanketi, na binti wa mapokezi akaanza kuwasimulia. Kulikuwa na mzee mmoja, mlinzi wa moto.

"Hakulewa," nikasema.

Sauti yangu ya darasani ilitoka yenyewe. Kijiko cha mjukuu wangu kikagonga sahani.

"Samahani, bibi?"

"Hakulewa, wala hakulala. Alikuwa baba yangu, na alikuwa anapasua kuni. Bibi yangu aliingia amelowa, nami nikamsukumia kuni kabla ya kumsalimia, kama tunavyofundishwa." Nilitaka kueleza yote kwa mpangilio, kama ninavyokueleza wewe, lakini yakatoka maneno machache tu. "Moto ulikuwa wangu."

Mjukuu wangu alikuwa ananitazama kama mtu asiyenifahamu. Yule binti alisimama na birika mkononi. Nadhani alitaka kusema pole na akaona haitoshi. Akaweka birika chini, akaenda kwenye moto, akapiga magoti. Akayasukuma magogo ndani, moja moja, hadi mwisho, na moto ukainuka. Ndipo akanigeukia.

"Kamwene, bibi," akasema.

Nilikuwa tayari kumwambia aache, sina baridi. Lakini nilikuwa na baridi. Nikasogeza kiti karibu.