Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Muuza vitambaa pale Gongoni alinikunjia uso kwa sababu kila kitambaa nilikigeuza nyuma. "Dada, maua yako mbele," alisema. Nikageuza kingine. Vilikuwa vimedariziwa na akina mama wa vijijini, vinanuka tumbaku, na mimi nilikuwa natafuta mafundo ya uzi.

Nyumbani kwetu Goweko, mama alidarizi vitambaa vya viti huku akilinda moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Moshi uliingia mpaka kwenye nyuzi. Msiba wa baba ulikuwa haujapoa shangazi alipokuja kubeba vitu vya kaka yake. Alibeba baiskeli, redio, hata jembe. Kisha akanyoosha kidole kwenye viti.

"Na hivyo vitambaa. Uzi alinunua kaka yangu."

Mama hakubisha. Alisema anakwenda kuvikunja vizuri, akaingia navyo chumbani, nami nikamfuata. Alikaa kitandani, akavigeuza kimoja kimoja, akakata kwa wembe kila fundo lililoshikilia ua. Kwa mbele, maua yalibaki yamechanua vilevile.

Shangazi alivipokea, akavinusa, akasonya. "Vinanuka moshi hivi!"

Mama alimsindikiza mpaka mlangoni, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba.

"Ukifika vifue, wifi," alimwambia. "Na uvisugue kwa nguvu."