Pampu ya Kuvuta Hewa na Kaka Yangu

Mafundi friji wa Bariadi, na nawasema kwa sababu ni wenzangu, wengi wao hawajawahi kumiliki pampu ya kuvuta hewa. Friji ikiletwa haipoozi, fundi anakata mrija, anachomelea, anaachia gesi kidogo ipite isukume hewa nje, halafu anaweka kidole kwenye tundu na kusikilizia. Akitoa kidole anatangaza kwamba imekaa sawa. Kidole! Hewa imebaki humo ndani, na ndani ya hewa kuna unyevu, na unyevu huo ukifika kwenye ule mrija mwembamba unaganda na kuziba njia. Friji inapooza siku chache, inakufa, mwenye nayo anarudi, fundi analaumu umeme na kutia gesi nyingine. Watu wamezoea hivyo hadi wanaona ndiyo ufundi wenyewe.

Mimi nilitoka chuo cha ufundi nimeapa kwamba kazi ya kidole sitaifanya. Nikapanga fremu karibu na soko, nikaandika kwa rangi juu ya mlango kwamba hapa tunatengeneza friji na friza, nikakaa kusubiri. Walikuja wachunguliaji. Mzee mmoja aliniuliza fundi yuko wapi, nami nimeshika spana mkononi na ovaroli imejaa grisi. Nilipomwambia ni mimi, alicheka kwa adabu, akasema basi atapita siku nyingine fundi akiwepo. Hapo nikajua ninachopigania pale mjini. Mwanamume akiharibu friji, watu wanasema friji ilikuwa mbovu. Mimi mwanamke nikiharibu moja tu, watasema si tulisema. Nilihitaji jina, na jina lile lisingepatikana bila pampu.

Mtaji sikuwa nao. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye mji, yaani mkuu wa boma letu kule Nkoma, akaamua kuuza maksai mmoja anisaidie. Ninamshukuru, sijakataa. Lakini kwa Wasukuma ng'ombe akitoka zizini hatoki peke yake, anatoka na maneno. Tangu siku ile pampu ikawa yake kuliko yangu, hata kabla haijanunuliwa. Kila aliyekutana naye kwenye njia ya Nkoma aliambiwa kwamba anamnunulia mdogo wake mashine, na kila aliyeambiwa alitoa ushauri. Fundi mmoja wa pale mjini, mkubwa wa mafundi wa kidole, alimshauri kwamba tusipoteze ng'ombe, tuchukue kompresa ya friji iliyokufa, tuigeuze, ivute. Nilimwambia kaka kwamba kompresa ya namna hiyo inavuta kama mtu mwenye pumu, na siku mbili tatu inaungua. Kaka akasema huyo naye ni fundi, tena wa siku nyingi. Wa siku nyingi kweli, na friji alizoziua ni nyingi vilevile.

Tukaenda Mwanza. Jamani, mtu asikudanganye kwamba umeona aibu kama hujaingia duka la vifaa vya friji na mnunuzi wa ng'ombe. Kaka alizigeuza zile pampu kama yuko mnadani. Aliizunguka kila moja, akaipiga kofi ubavuni, akainyanyua kupima uzito, akamwomba muuzaji aiwashe asikie sauti yake. Nilibaki namwangalia nikisubiri aifungue mdomo aone meno. Akaipenda moja kubwa nyeusi, nzito kweli, akasema hii ndiyo dume. Muuzaji, ambaye naona alikuwa na haraka ya kuifunga ile kubwa kwenye boksi, akamuunga mkono kwamba mzee una jicho.

Nikamsogeza kaka pembeni. Nikamweleza taratibu kwamba ile kubwa ina hatua moja tu, haifiki chini sana katika kuvuta, na ukubwa wake ni wa mitambo ya mahotelini. Friji ya nyumbani na friza ya dukani zinatosheka na ndogo, mradi iwe ya hatua mbili, iwe na kioo cha kuonyesha mafuta yake, na iwe na kishikio cha kuibebea, maana mimi ndiye nitakayeibeba, si yeye. Akaniuliza sasa hiki kidogo si ndama? Nikamwambia ndama huyu bei yake ni nafuu. Hapo akaelewa upesi sana.

Tatizo likaja kwenye mafuta. Pampu hizi zina mafuta yake maalumu, mepesi, yasiyo na maji hata chembe. Yakichafuka unamwaga unaweka mengine. Ndani ya boksi huja chupa moja. Nikaomba tununue chupa ya akiba, kaka akaishika, akaitazama, akasema huu ni wizi, kachupa kama ka dawa ya kikohozi. Akairudisha kwenye kabati kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wateja. Nikaiacha pale, kwa sababu ng'ombe hakuwa wangu.

Nilivyofika nayo Bariadi, kazi zikaanza kuja polepole. Friji ya mwalimu, friji ya muuza soda. Nikiwasha pampu naiacha ivute muda mrefu, na wanaopita wanasimama kushangaa kwamba friji nayo inavutwa. Kaka akapata kazi mpya. Kila akija mjini alikaa kwenye kiti mlangoni mwa fremu yangu, mguu juu ya mguu kama mkurugenzi, akiwaeleza wateja kwamba ile mashine ni yeye aliyeichagua kwa jicho lake.

Kisha akaja mama muuza samaki. Huyu ana meza kubwa kuliko zote upande wa samaki, sato wake wanatoka Lamadi kila asubuhi, na wanaobaki wanalala kwenye friza lake. Mama huyu akisema neno pale sokoni asubuhi, jioni limeshafika Maswa. Friza lilikuwa limekufa, na wale wa kidole walikuwa wamelipitia wote. Alinitazama juu hadi chini, akasema ananijaribu mara moja. Nikamwambia mara moja inatosha.

Siku zile mafuta ya pampu yalikuwa yamechafuka, nikawa nimeyamwaga yote na kuagiza chupa Mwanza ije kwa basi. Mara tukapata msiba Lalago, kwa shangazi, ikabidi niondoke. Nikamwomba kaka, kwa kuwa alikuwa mjini, apitie ofisi ya basi achukue chupa anitilie mafuta hadi kwenye mstari wa kioo. Kazi ya mtoto. Niliporudi nikamuuliza mafuta vipi, akasema ameshaweka. Nikatazama kioo, mafuta yamefika kwenye mstari, safi, ya manjano. Nikabeba pampu nikaenda kwa mama muuza samaki, nikachomelea, nikavuta hewa muda mrefu kuliko kawaida yangu, na sindano ya geji yangu ikaenda pale inapotakiwa. Ile ni geji ya bei ya chini, inakuonyesha hewa imetoka lakini unyevu haiuoni. Nikatia gesi, friza likagandisha vizuri. Mama akanipongeza. Usiku ule nililala kama mtu aliyezaliwa upya.

Friza lilidumu siku chache tu, kama la mafundi wa kidole. Mama akaja fremuni kwangu na beseni la sato waliooza, akalitua mlangoni, watu wakakusanyika kwa harufu tu. Akasema yote. Kwamba alionywa. Kwamba alinionea huruma kama mtoto wake. Kwamba bora wale wanaume wanaotumia kidole, maana kidole hakijifanyi kinajua. Na kaka yangu alikuwa pale pale kwenye kiti chake cha ukurugenzi. Siku zote yeye ndiye msemaji wa ile pampu, leo je? Alikunja miguu yake, akaangalia barabarani.

Nilikwenda kulitazama friza. Linapooza, linasimama, likiyeyuka linapooza tena. Nikabandika kitambaa chenye maji ya moto kwenye ule mrija mwembamba, nikasikia gesi inafunguka kupita. Unyevu. Ina maana pampu haikuvuta vya kutosha. Nikarudi fremuni, nikafungua skrubu ya chini ya pampu nimwage mafuta niyaone. Yalitoka mazito, yana ukungu mweupe, yananata vidoleni. Nikanusa. Yalinukia maandazi.

Mafuta ya pamba! Yale yale tunayokaangia, tunayopaka milango ikilia, tunayompaka ng'ombe kidonda, tunayowapaka watoto miguuni wakienda kanisani. Kule kwetu mafuta ya pamba ni dawa ya kila kitu, na mtu ambaye amelima pamba maisha yake yote haoni ni mafuta gani mengine yanaweza kuwepo duniani. Nikakimbia ofisi ya basi. Chupa yangu ilikuwa juu ya rafu, imefungwa, ina jina langu.

Kaka hakukana, hilo nimpe. Tena alishangaa kwa nini ninahema. Ofisi ya basi ilikuwa imefungwa alipopita, dumu lilikuwepo nyumbani, akaona anisaidie.

"Mafuta si mafuta?" akasema. "Sisi ndio tunalima pamba. Tukanunue mafuta Mwanza?"

Nilimsonya. Kaka yangu mkubwa, aliyekaa mahali pa baba, nikamsonya, na sijutii. Nikamweleza kwamba mafuta yale yanabeba maji, yakipata moto yanakuwa gundi, na kwamba samaki wale aliwaozesha yeye. Nikamwambia sitaki chochote kingine, aende sokoni aseme mbele ya yule mama kwamba mafuta aliyatia yeye. Akasema sikio halipiti kichwa. Mwenye mji hapelekwi kwenye meza ya samaki kujieleza kwa wanawake. Akapanda pikipiki akarudi Nkoma kulala.

Nikabaki na pampu na jina lililooza. Pampu niliweza kuiosha. Nilitia mafuta yake halisi, nikaiwasha, nikayamwaga, nikatia tena, hadi harufu ya maandazi ikaisha. Jina je, nilioshe kwa mafuta gani? Wateja walipita mbele ya fremu wamebeba friji kwenye mikokoteni kuelekea kwa yule mkubwa wa kidole, na wengine walinisalimia kwa huruma, jambo ambalo linauma kuliko matusi. Mama muuza samaki naye akampelekea huyo huyo friza lake.

Mwishowe nikaifunga pampu kwenye boksi lake, nikampelekea kaka ujumbe kwamba namrudishia. Aje aichukue aiweke zizini pamoja na maksai wengine, na wajomba wakiuliza kwa nini nimerudisha ng'ombe wa ndugu yangu nitawaeleza mwenyewe. Hilo lilimtoa Nkoma asubuhi na mapema. Kurudishiwa ng'ombe na dada yako ni habari ambayo ingefika kila mji kabla ya jua kuzama, na kaka habari za namna hiyo anaziogopa kuliko ukame.

Tukaenda sokoni wote wawili. Alivaa koti, joto lote lile. Nilitembea nyuma yake kidogo, nikijua kwamba maneno machache tu ya mtu huyu, yakisikiwa pale mezani, yatanirudishia kazi yangu. Akamsalimia mama muuza samaki kwa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, akaulizwa za nyumbani, akauliza za ziwani, wakazungumza habari ya mvua hadi nikataka kupiga kelele. Kisha akavua kofia.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "mafuta mabaya kwenye pampu niliyatia mimi. Huyu hana kosa."

Aliyasema, tena kwa sauti. Wanawake wa meza za jirani waliacha kupara magamba. Nilihisi mabega yangu yanashuka, kwa mara ya kwanza tangu lile beseni litue mlangoni kwangu. Mama akamtazama kaka, macho yakamlegea, akaweka kisu chini akanigeukia mimi.

"Umemwona kaka yako?" akaniambia. "Mwanaume mzima, mwenye mji wake, amekuja kubeba kosa lako mbele ya watu. Wangapi wana kaka kama huyu? Mheshimu."

Wanawake wakaitikia, mmoja akampigia makofi. Nikamgeukia kaka. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kaka, mwambie. Alinitazama, nami naapa alielewa kabisa ninachomwomba. Halafu akatazama wale wanawake waliokuwa wakimtazama kama mtume, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo.

"Wabeja, mayu," akashukuru.

Mama akachagua sato mkubwa kuliko wote mezani, akamfunga kwenye gazeti, akasema huyu ni zawadi, mzee kama wewe hanunui. Kaka akampokea kwa mikono miwili.