Kuta Safi za Mama Lusungu

Kisa wa kitongoji cha Talatala, kando ya mto, yeye Mama Lusungu, hakuwa mtu wa kupokea mgeni kwenye nyumba chafu. Ukimpitia saa kumi na mbili asubuhi, ameshafagia uwanja mpaka chini ya migomba, na kama una tope miguuni utaliacha hukohuko njiani. Majirani walimcheka, lakini ikifika harusi, nani anaitwa kusimamia? Kisa huyohuyo.

Mwaka wa tatu sasa mumewe, Yotamu, hatembei. Kiharusi kilimlaza, mwanamume aliyekuwa akirusha gunia la mpunga begani huku akipiga soga. Mafuriko ya Aprili iliyopita maji yalifika dirishani, na vijana wanne wakamtoa wamembeba juu ya mlango walioung'oa. Maji yaliposhuka yaliacha mstari wa kahawia kwenye kuta za kitongoji kizima. Tangu hapo Kisa alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: Yotamu ahamishiwe mahali pa juu kabla ya masika mengine.

Kwa hiyo mwenyekiti Lazaro alipotangaza kwamba wanakuja watu kupima hatari ya mafuriko, na kwamba kaya zilizo hatarini zaidi zitapewa viwanja kule kwenye mwinuko, Kisa alilia kwa furaha. Kisha akafanya alilolijua. Akawakusanya wanawake. Wageni wa serikali, jamani, watukute na kuta zenye uchafu wa mto? Siku nne walichota udongo, wakasiriba nyumba moja baada ya nyingine, na juu yake wakapaka udongo mweupe. Kama yupo aliyewaza vingine, hakufungua mdomo. Lazaro mwenyewe alipita akisema ndaga, ndaga fijo, asanteni sana, mmetutoa aibu mama zetu.

Mpimaji alikuwa binti mpole aitwaye Janeth. Alikula wali na samaki, akausifu usafi wa mahali, kisha akaomba aonyeshwe alama ya maji ukutani.

Kisa akaweka kiganja chini ya dirisha. "Hapa, mwanangu."

Janeth akainama, akatazama. Akamweleza taratibu kwamba maneno hayatoshi. Fomu inataka alama yenyewe ipimwe kwa futi na ipigwe picha. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Kote ukuta mweupe. Aliporudi kwa Kisa, Yotamu akaita kutoka ndani kwamba alama ni yeye, wampige picha yeye. Janeth alicheka kidogo, akaandika alichokiona.

Mwezi wa tisa orodha ikasomwa mkutanoni. Kitongoji jirani, waliokuwa wakisemwa kwa uchafu na kuta zao hawakuzigusa, hatari kubwa. Talatala, hatari ndogo, wala kiwanja hata kimoja. Kisa akasimama akasema kosa ni lake. Lazaro akajibu kwa sauti ya chini kwamba ameshaandika barua mbili kuomba wapimwe upya, na kwamba upimaji mwingine ni baada ya miaka mitano. Hakuna aliyemlaumu. Afadhali wangemtukana! Felista, aliyesiriba naye siku zote nne, alimshika mkono tu kisha akaenda zake shambani.

Nyumbani Yotamu alikuwa macho.

"Tumo?"

"Hatumo, Baba Lusungu."

Yotamu aligeuza kichwa dirishani. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Kisa kuliko kelele.

"Basi masika haya usinisubiri," alisema. "Maji yakija, toka. Wala usiwaite watoto wa watu waje kufa kwa ajili yangu."

Kisa akakaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumkemea kwamba anaongea upuuzi, kwamba Mungu yupo, kwamba labda mvua mwaka huu zitakuwa haba. Badala yake akamvutia shuka miguuni.

"Umenisikia, Mama Lusungu?"

"Nimesikia," alisema.