Mashavu ya Dada Yangu

Saa kumi na robo alasiri, siku ya Jumapili, dada yangu aliishiwa pumzi mwanzoni mwa Salamu Maria, kabla hata ya kufika kwenye "neema". Wiki iliyotangulia alikuwa ameifikisha sala nzima hadi Amina kwa pumzi moja. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chetu, kwa sababu mashine ya hospitali ya kupimia pumzi ilikuwa mbovu.

Daktari alikuwa ametueleza kwamba si kifua kikuu. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiyashambulia mapafu na kuyaacha na makovu. Angejaribu vidonge vya kuituliza kinga hiyo kwa miezi mitatu, kisha aone. Alituonya visikatizwe ghafla.

Vilifanya kazi. Lakini pia vilimvimbisha uso, ukawa mviringo kama sahani. Daktari aliuita uvimbe huo madhara ya dawa. Majirani wa mtaani kwao, Lizaboni, waliuita afya. "Mama, umenawiri! Mzee anakulisha nini?"

Jumapili hiyo nikauliza vidonge viko wapi. Dada akatazama sakafu. Aliyejibu ni mumewe, ambaye tangu serikali iliporuhusu biashara binafsi alikuwa na kibanda mbele ya nyumba.

"Shemeji, hebu mtazame. Mgonjwa gani ana mashavu hivi? Huyu kapona. Vilivyobaki nawapa wenye shida."

"Shida gani?"

"Wembamba," akasema, akacheka.

Nilitoka hadi kibandani. Vidonge vilikuwa ndani ya kopo la siagi ambalo halikuoshwa, kati ya chumvi na viberiti. Shemeji alivichota kwa vidole vilevile alivyopimia dagaa. Msichana aliyekuwa akisubiri ndoa yake alimeza viwili palepale, bila maji, kisha akajipapasa mashavu kuona kama yameanza. Nilitema mate chini.

Daktari alimwanzishia dada vidonge upya kwa akiba ndogo iliyokuwa wodini. Dada hakufika tena kwenye "neema". Alifariki kabla mahindi hayajakauka shambani, uso wake ukiwa bado mviringo, na msibani wanawake walisifu kwamba amekufa na afya yake.

Baada ya matanga shemeji aliniletea fedha za mauzo ya vidonge, zikinuka dagaa. Alisema ni haki ya ndugu wa marehemu. Nilizihesabu mbele yake: shilingi elfu mbili na mia nne.