Nyangumi wa Bwana Ukuta

Jamani, mnajua nyangumi aliyeoza ananuka vipi jua likimpiga?

Hamjui. Tulieni niwape.

Kwetu kuna ukoo wenye shamba linaloanzia barabarani hadi majini. Babu yao alipewa na watawala wa kigeni, eti kwa utiifu. Utiifu! Aliwaonyesha visima vyetu, akalipwa ufuko wetu.

Mjukuu wake tunamwita Bwana Ukuta. Kazungusha ukuta kama anaogopa wimbi litamwibia. Langoni kachongesha:

*Inachotupa bahari, ni chetu tangu zamani.*

Mizani imetimia. Haya ndiyo haipo.

Mama yangu ametulea kwa kuokota kome pale, maji yakipwa. Siku moja mlinzi akamnyang'anya ndoo.

"Mama, bahari imetupa. Ni mali ya bwana."

Mama akarudi bila kitu. Nyumbani sufuria ikalala tupu.

Haikupita wiki, asubuhi kukakucha na nyangumi mfu chini ya ukuta. Mkubwa kama basi! Wageni wa Bwana Ukuta wakatimua mbio, pua mkononi.

Bwana afya akaja.

"Ufuko wa nani huu? Mwenyewe amzike."

Bwana Ukuta akatoa leso puani. "Si wangu! Mpaka wangu ni ukuta. Huku ni kwa umma."

Ukoo mzima wa kiburi, umeuzwa kwa harufu!

Mama akasogea. "Samahani baba, masikio yamezeeka. Kwa nani?"

"Kwa umma! Kwenu!"

"Hata kome?"

"Hata mawe! Chukueni vyote, mniondolee huyu!"

Bwana afya akatugeukia. "Mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

Lango likafunguliwa tupite na majembe. Tukamzika nyangumi huku tunaimba. Lango lile halijafungwa tena, na mama ana ndoo yake.

Sasa siri.

Nyangumi yule hakutupwa pale na bahari. Alikwama nyuma ya mwamba, mbali kabisa na ukuta. Maji yalipojaa tukamfunga kamba, tukamkokota kwa mitumbwi hadi kwa mwenye mali.

Wazo la nani? La mama.

"Si kinachotupwa ni chake? Mpelekeeni."

Funzo ni hili: anayedai kila kitu cha bahari, na uvundo wake aupokee.

Bwana Ukuta, najua unasoma. Ukitaka kutushtaki, karibu. Ila kwanza simama useme ufuko ni wako.

Tutakufukulia mali yako.