Banda la Kuogea Kwenye Njia ya Kiboko

Mahali pale nilipachagua mimi. Nimekwisha kulisema jambo hili kwa mratibu wetu, kwa wazazi wawili watatu, na kwa mama yangu nyumbani, mjini Baraka, na bado nikilisema mwili unanisisimka. Siku ya kwanza lakini hakuna aliyenibishia, kwa sababu nilikuwa ninakwenda mbio kama kawaida yangu, na mtu anayekwenda mbio watu hudhani anajua anakokwenda.

Ilikuwa vakansi kubwa, shule zimefungwa. Kambi yetu ya watoto iliwekwa katika shule ya msingi kando ya ziwa, upande wa Mboko. Tulikuwa na watoto kama arobaini: wa Baraka, wa Mboko penyewe, wachache walioteremka kutoka milimani, na wengine walioletwa na bamama wanaofanya biashara Misisi, ambao shule ikifungwa hawana pa kuwaacha. Kwa wiki tatu tungewafundisha habari za wanyama wa porini na wa ziwani, kwa nyimbo, michoro na michezo, wajue kwamba mnyama si nyama tu.

Sisi wafanyakazi tulikuwa wanne. Mimi, mwalimu wa mwaka wa nne wa msingi. Kijana mmoja mwalimu, mrefu, mtoto wa wafugaji wa milimani, ambaye watoto walimwita Metre, yaani mwalimu, kama walivyoniita mimi Madamu. Mama mpishi. Na mratibu, aliyekaa Baraka na kuja kwa pikipiki mara mbili kwa wiki, mara nyingi bila kuvua kofia yake.

Mratibu alikuwa amekataza watoto wasikanyage maji ya ziwa. Mamba, alisema, na hakutaka mjadala. Kwa hiyo maji yachotwe, watoto waogee kwenye banda. Mimi, kwa kutotaka kupandisha mabidoni, madumu ya maji, hadi shuleni, nilitafuta pa kujenga karibu na maji. Kati ya matete na shamba la viazi nikaona ukanda mpana, majani yamelala chini, udongo umekanyagwa vizuri, kama mtu ametusafishia.

Metre alisimama pale akaangalia.

“Madamu, huku kunapita nini?”

“Bamama banachota maji,” nilimjibu. Sikumwona mama hata mmoja. Nilisema tu.

Yeye ng'ombe aliwajua, ziwa hakulijua. Akainua mabega. Kesho yake tukachimba mashimo, tukasimamisha mianzi, tukazungushia shitingi nyeupe, yale maturubai ambayo kila nyumba huku inayo. Watoto walishangilia. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu saa, halafu nikaanza kuhangaika na jambo jingine.

Jambo lenyewe lilikuwa makundi. Daftari la masomo tulilopewa liliandikwa na watu wa mbali. Lilijaa twiga na pundamilia. Mtoto mmoja aliniuliza twiga nilimwona wapi, nikasema kwenye kitabu, wakacheka. Basi tukaamua makundi yachukue majina ya wanyama wa huku kwetu: Sokwe, Ndege, Mamba, na kundi langu la wasichana, Viboko. Nilimchora kiboko ubaoni kwa chaki, na mdomo wake wazi.

Msichana mmoja wa Mboko, wa miaka tisa hivi, mtoto wa mvuvi, alibaki amesimama mlangoni.

“Madamu, mi sitaki hiyo jina.”

“Ju ya nini?”

“Kiboko ilipindua mtumbwi ya papa yangu. Mguu yake haitembee muzuri mpaka leo.”

Wengine wakanitazama. Hapo nilitakiwa kukaa chini, nimsikilize. Nikafanya lile linalofanywa na mwalimu mwenye haraka. Nikamwambia kiboko si adui, ukimwachia nafasi yake hakufanyi kitu, ni rafiki wa ziwa. Akakaa, kwa sababu ameagizwa kuheshimu walimu. Hakuchora chochote siku ile.

Siku ya tatu, kulipopambazuka, nilikuwa wa kwanza kutoka nje. Silali vizuri penye watoto wa watu. Nilipofika chini, banda halikuwapo. Mianzi ilikuwa imevunjika kama vijiti, shitingi imeburutwa hadi katikati ya viazi, na beseni moja limebanwa likawa bapa kama sahani. Mavi yalikuwa yametawanyika kwenye matete, yakinuka majani mabichi.

Mwenye shamba, mama wa makamo, alifika na jembe begani na hasira mdomoni.

“Ni batoto benu! Viazi yangu yote, matembele yote! Mulikuja kufundisha ao kuharibu?”

Nikamwomba radhi kabla hata ya kujua ninaomba radhi kwa nini. Yeye akainama, akatazama udongo. Kulikuwa na nyayo za vidole vinne vinene, kila moja pana kuliko sahani ya bugali. Hasira ikamtoka, ikaja kicheko kisicho na furaha.

“Sasa mulijenga mu njia ya kiboko. Tangu nianze kulima hapa anapitaka hapa. Jioni anatoka, asubuhi anarudia. Kwani hamukuuliza muntu?”

Sikuwa nimeuliza mtu. Nilitazama ule ukanda, na sasa nikauona kama ulivyo: barabara, imetoka majini, imepita kwenye banda letu, imekwenda kwenye majani ya bondeni.

Nilimpigia mratibu simu. Nilimweleza kwamba kiboko amebomoa banda. Sikumwambia kwamba banda lilikuwa kwenye njia yake. Maneno yalifika kwenye ulimi yakageuka. Mratibu alisema tujenge tena kwa miti minene, tuwashe moto kando, yeye atazungumza na basoda, wale askari wa kituo cha barabarani, waje kupiga risasi hewani. Metre naye aliona ni sawa. Kwao, alisema, fisi akikaribia zizi hawahamishi zizi.

Tukajenga tena, palepale. Mimi niliyekuwa najua nilishika mti mmoja huku nikishindilia udongo kwa kisigino. Siku nzima sikukaa. Nilihesabu watoto asubuhi, nikawahesabu kabla ya kula, nikawahesabu wakiwa wanaimba, hadi mama mpishi akaniambia, “Madamu, utawamaliza kwa macho. Kula kwanza.” Sombe yangu ya majani ya muhogo ilipoa kwenye sahani.

Jioni yake upepo wa kiangazi ulivuma kutoka ziwani na moto wetu ukawa moshi tu. Jua lilikuwa bado halijazama. Wasichana sita wa kundi langu walikuwa ndani ya banda wakioga, wakipigiana kelele na kugombania sabuni, nami nimesimama kwenye upenyo na kitenge mkononi nikiwahimiza wamalize. Mtoto wa mvuvi alikuwa wa mwisho. Ghafla akaacha kujimwagia maji.

“Madamu, nyamaza.”

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtoto. Nikanyamaza. Nikasikia matete yakilala, halafu pumzi, ndefu na nzito, kama mtu anayetoa upepo kwenye tairi la lori.

Kiboko alikuwa mbali nasi kama urefu wa darasa. Mgongo wake ulikuwa na maji bado. Masikio madogo yakizunguka. Nilichohisi si woga kwanza, ilikuwa aibu, aibu ya moto kabisa usoni.

Nilitaka kuwaambia wakimbie. Mtoto yule akanishika mkono, mkono wake una povu.

“Tusikimbie. Tupite huku, chini. Njia tumuachie.”

Akainua shitingi upande wa shamba, akapita kwa tumbo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, uchi, na sabuni machoni, bila sauti. Niliwasukuma, nikahesabu, moja, mbili, hadi sita, kisha mimi. Tulitambaa kati ya matuta ya viazi. Nilichubuka magoti yote mawili. Nyuma yetu mti wa kwanza ulipasuka, wa pili, na shitingi ikalia kama nguo inayochanwa.

Metre alikuwa anateremka kutoka shuleni mbio, fimbo juu, kama anayekwenda kurudisha fahali. Nadhani ndicho kitu pekee alichojua kufanya, na alikuwa na moyo. Nilimwinulia mikono miwili nikipiga kelele asimame. Akasimama. Fimbo ikabaki juu. Kiboko alipita kati yetu na yeye, hana haraka, kipande cha shitingi kimenasa shingoni, akaingia bondeni akaanza kula.

Hakuna aliyeumia. Nasema hivyo kila mara, na ni kweli. Wasichana walifunikwa vitenge na kupelekwa darasani, wakaanza kulia wote pamoja walipoona bugali, halafu mmoja akacheka jinsi mwenzake alivyojaa udongo matakoni, wakacheka wote. Ila mtoto wa mvuvi hakulia wala hakucheka. Nilikaa karibu naye.

“Nilikuambia mubaya siku ile,” nikasema. “Unisamehe.”

Aliendelea kutafuna. “Papa ndiye alinifundisha kumuachia njia,” akajibu.

Kesho yake mratibu alifika mapema na basoda wawili. Safari hii alivua kofia. Tulikaa kwenye biro, ofisi ya shule, sisi wanne na basoda, na mwenye shamba akaja bila kuitwa akasimama mlangoni. Watoto walijazana madirishani ingawa tuliwafukuza. Mratibu alikuwa anapanga: basoda wavizie jioni, wampige, nyama wagawiwe wakaaji, kambi iendelee.

“Kambi ya wanyama,” Metre alisema polepole, akitazama sakafu.

“Unasema nini?” mratibu akauliza.

“Sisemi kitu, shefu.”

Hapo nikasimama. Mikono nikaifungia nyuma.

“Nafasi hiyo nilichagua miye. Ni njia yake. Mama huyu alituambia ni njia yake, nilimusikia, na tukajenga tena. Miye nilijua, na sikukuambia ku simu.”

Mratibu akanigeukia.

“Ulijua, na ukaingiza batoto ndani?”

“Ndiyo.”

“Nitaambia bazazi nini?”

“Nitaambia bazazi miye mwenyewe.”

Aligonga meza, akasema maneno mengi ya Kifaransa ambayo kwake ndiyo ya hasira, na sikujitetea. Mwenye shamba alipochoka kusikiliza akauliza kama kuna mtu atakayemlipia viazi au kama wataendelea kupiga makelele. Mratibu akaahidi watoto watasaidia kupanda mashina mapya, na walisaidia kweli. Habari ya kumpiga kiboko haikutajwa tena: basoda walikula bugali na ndagala, dagaa za mama mpishi, wakaaga, bunduki zao hazikulia. Banda likahamia juu, nyuma ya ukuta wa shule. Kwa muda wote uliobaki mimi na Metre tulipandisha mabidoni ya maji kilimani, asubuhi na alasiri, mabega yakachubuka. Hakuwahi kunilaumu. Siku moja tu, tukipumzika nusu ya njia, aliniambia, “Nilikuuliza huku kunapita nini.” Nikasema ndiyo, aliniuliza. Akajitwisha bidoni lake tukaendelea.

Wazazi wa Misisi niliwapigia simu, wa karibu niliwaendea. Baba mmoja alimchukua mtoto wake siku ileile. Wengine walinisikiliza, wakaniuliza maswali, wakaacha watoto wao, na kuachiwa huko kulinielemea kuliko kufokewa. Mama wa msichana wa Mboko alikuja kwa miguu, mtoto mwingine mgongoni. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, hata habari ya kumwambia binti yake kwamba kiboko ni rafiki.

“Wewe ulisoma,” akaniambia. “Yeye alikuambia, na hakusoma. Kwa nini hukumusikia?”

Alifunga nguo za binti yake ndani ya kitenge. Msichana hakutaka kwenda. Alishika mlango, akasema kesho ni zamu yake kuongoza wimbo. Mama akamfungua vidole kimoja kimoja, bila ukali. Niliwasindikiza hadi barabarani. Wasichana waliobaki walikataa jina la Viboko bila mtu kuwashauri, wakajiita Matete, ambayo hata si mnyama, nami nikaandika hivyo kwenye daftari.

Jioni za mwisho yule kiboko alipita kila siku, saa ileile. Tulikuwa tunamtazama tukiwa barazani, watoto wamebanana, hakuna anayekohoa. Kwao lilikuwa somo bora kuliko yote tuliyoyaandaa. Mimi sikumtazama hata mara moja hadi mwisho. Nilikuwa nyuma yao nikitembea, nikihesabu vichwa, nikifika mwisho nikianza upya.

Vakansi iliyofuata mratibu aliniita tena. Nilidhani amekosea namba. Alisema mtu aliyekiri mbele ya basoda anamfaa zaidi ya asiyejua alipokosea. Kisha akaongeza kwamba, kwa kweli, wengine wote walikuwa wamekataa. Metre alikuwa amepata kazi shuleni Fizi. Nilikubali. Nilikwenda wiki moja kabla, nikamwomba mwenye shamba atembee nami ufuoni. Alikuwa na kazi zake, akanipitisha harakaharaka, akinyoosha jembe kwenye kila upenyo wa matete: huku bamama, huku mbuzi, huku usipite kabisa. Niliandika yote. Kisha niliendelea peke yangu hadi Mboko, kwenye nyumba ya mvuvi, kuuliza kama binti yao anaweza kuja. Baba yake alikuwa amekaa nje akishona wavu, mguu mmoja umenyooka. Alisema atafikiri. Nilimwambia nitasubiri, akanionyesha kigoda, nikakaa kidogo, nikasimama, nikakaa tena.